Kocha mpendwa anapong'atuka, vijana hubaki na nani?

Septemba 2008, kabla msimu haujaanza, kocha Brian Kilrea wa timu ya vijana ya Ottawa 67's nchini Kanada alitangaza kwamba huo ungekuwa msimu wake wa mwisho. Alikuwa na miaka 73. Alianza kuifundisha timu hiyo mwaka 1974 na, ukiondoa vipindi vichache alivyokuwa nje, aliiongoza kwa zaidi ya misimu 30.

Ni mchezo gani huu?

Ni hoki ya barafuni. Ni ndugu wa mpira wa magongo tunaoujua, ila wachezaji huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cha raba.

Ligi za vijana ni za umri wa miaka 16 hadi 20 hivi, na ndiyo njia kubwa ya kufika ligi ya kulipwa ya NHL. Wengi huhama kwao wakiwa bado wanafunzi, wakaishi na familia za wenyeji. Mzazi anayekubali mwanawe aondoke humkabidhi mikononi mwa kocha. Kocha ndiye huamua nani acheze, nani akae benchi na nani arudi nyumbani.

Kwa nini alipendwa?

Alishinda zaidi ya mechi 1,190, rekodi katika ligi za vijana za Kanada wakati huo, na mara mbili timu yake ilitwaa Memorial Cup, mwaka 1984 na 1999. Lakini kuna jambo jingine. Mwaka 1984 alikwenda New York Islanders ya NHL kuwa kocha msaidizi. Baada ya misimu miwili alirudi Ottawa kwa vijana wake.

Je, kupendwa kunatosha?

Hapana. Mwaka 1989 kocha mwingine wa vijana, Graham James, alitajwa na jarida moja la hoki kuwa mtu wa mwaka. Mwaka 1997 alifungwa jela baada ya kukiri kuwanyanyasa kingono wachezaji wake. Mmoja wao, Sheldon Kennedy, alikaa na siri hiyo kwa miaka kabla ya kuripoti. Mtu aliyemuumiza ndiye aliyekuwa ameshika ndoto yake.

Watu hawa wawili hawafanani hata kidogo. Lakini wote walikuwa na mamlaka yaleyale juu ya watoto wa watu. Sifa za kocha haziwezi kuwa ulinzi pekee wa mtoto, kwa kuwa kocha mwema naye huondoka siku moja, na kiti chake hukaliwa na mwingine.

Kilrea aliwapa watu msimu mzima wa kujiandaa, kisha akabaki kwa muda kama meneja mkuu wakati kocha mpya akianza kazi.

Kama una mtoto katika timu ya kijiji au ya shule, uliza viongozi mambo mawili. Kocha akiondoka kesho, nani anaijua kazi yake? Na mtoto akiwa na shida na kocha huyo, atamwambia nani mwingine?