Lubisi iongezewe siku sokoni

Mchuuzi anayevusha madumu ya lubisi kwa meli kutoka Bukoba kuja Mwanza hushindana na saa. Maji ya ndizi yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kesho yake ni pombe. Siku chache baadaye ni siki. Inayobaki huuzwa kwa hasara au humwagwa, na mkulima wa ndizi naye hulipwa pungufu.

Nigeria wana dawa ya kienyeji. Hutia gome la mti uitwao Saccoglottis gabonensis kwenye tembo la mchikichi ili lisichachuke upesi. Magome machungu hata kwetu yapo, ila tusikimbilie kuyatia kwenye pombe: mengine ni sumu. Tunashauri watafiti wayapime kwanza, na SIDO ifundishe wagema yatakayofaa.

Kwa sasa njia ya uhakika ni moto. Lubisi iliyochujwa, ikapashwa hadi nyuzi 70 na kufungwa kwenye chupa safi, hukaa zaidi. Ladha hupungua kidogo, wazee watanung'unika. Lakini Banana Investments ya Arusha inauza mvinyo wa ndizi wa chupa, na wanywaji wapo.