Nani ataezeka msonge wa Katuruka?

Msonge hausubiri kikao. Nyasi zikizeeka, mvua ya Bukoba hupenya, mchwa hupanda, na nguzo hulala. Anayezindua nyumba ya namna hiyo bila kutaja nani atakayeiezeka upya ameandaa gofu.

Tunazungumzia Katuruka, kata ya Maruku, kwenye kitala cha mfalme wa kale, Mkama Rugomora Mahe, na mti wa Kaiija. Wazee walisimulia kuwa chini ya mti ule wahunzi walifua chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta mabaki ya uhunzi wa kale sana. Wazee hawakuwa wakibuni. Hata hivyo mti ulitoweka, nyumba ya msonge ya kitala hicho, iitwayo Buchwankwanzi, ikaanguka, na UKIMWI, uliotambuliwa nchini kwa mara ya kwanza hapa Kagera mwaka 1983, ukawazika wengi waliokuwa wakitunza masimulizi hayo. Wanakijiji wenyewe ndio walioamka mwishoni mwa miaka ya 2000, wakaijenga upya na kukaribisha wageni.

Heshima ni yao. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na haikuandikwa ili mzigo wote uwe wa wanakijiji. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, chenye msonge wa Kihaya, ni taasisi ya umma tangu miaka ya 1960. Kwa nini chimbuko la msonge litegemee moyo wa kujitolea?

Jirani zetu Baganda walishagawa kazi: kuezeka makaburi ya wafalme wao huko Kasubi ni jukumu la ukoo wa Ngeye. Moto ulipoyateketeza Machi 2010, ilijulikana nani wa kuitwa. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, ndiyo, lakini ulifanyika.

Kwetu, kuanzia Kishanda hadi Maruku, paa ni bati, na rweya (uwanda wa nyasi) iliyotoa nyasi za kuezekea inapandwa mikaratusi na misindano. Karibuni hata anayetaka kuezeka hatapata nyasi.

Halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge sehemu ya rweya isiyopandwa miti. Ziweke fungu la kuezeka katika bajeti ya kila mwaka, na kumlipa fundi mzee pamoja na vijana anaowafundisha. Idara ya Mambo ya Kale itaje afisa anayewajibika kwa Katuruka. Na viongozi wanaopenda kukata utepe waulizwe kwanza, hadharani, nyasi za mwaka wa tano zitatoka wapi.