Mzee Atokapo Chumba cha Upasuaji

Mzee aliyevunjika nyonga akapasuliwa huweza kuamka usiku akimwita nduguye aliyekwisha kufa, au akaung'oa mpira wa dripu. Huko si kurogwa. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na daktari hana budi kuarifiwa upesi atafute sababu.

Msimwombe muuguzi diazepamu ili mzee alale. Dawa hiyo hukawia siku kadhaa katika mwili wa uzeeni, nayo huweza kuuzidisha mkanganyiko. Lakini mzee aliyezoea waragi kila siku, akiukosa ghafla, huchanganyikiwa vilevile. Huyo pengine diazepamu ndiyo tiba yake. Basi kabla ya kupasuliwa, mwambieni daktari habari ya pombe, msione haya.

Mpelekeeni miwani yake, na usiku akeshe naye mtu ambaye sauti yake anaijua.