Kabla Hujamcheka Msanii Aliyefulia, Fungua Meseji Zako za Miamala

Ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hii nadhani kila mtu ameshaiona. Msanii mmoja, jina simtaji, aliyewahi kutikisa mji huu na ngoma mbili mfululizo, amekaa kwenye kiti cha plastiki anahojiwa na kijana mwenye simu. Anaomba wadau wamsaidie kodi. Chumba kimoja, miezi sita. Ni huyu huyu aliyekuwa anaposti funguo za gari na saa mpya kila baada ya wiki mbili.

Nikashuka kwenye komenti. Aisee, huruma hakuna. "Alikula bata, sasa analipa manyoya." "Tulimwambia." "Ustaa bila akili ni hasara." Kuna mmoja kaweka emoji za kucheka mstari mzima. Nikaingia kwenye ukurasa wake kwa umbea tu. Posti yake ya juu kabisa anauza simu anayotumia: "Bei ya kutupa, nina shida ya haraka." Tarehe ilikuwa 19.

Hapo ndipo nikaamua kuandika. Msimamo wangu ni huu: yule jamaa hakufulia kwa sababu ni mjinga, na sisi hatujasimama kwa sababu tuna akili. Yeye kafulia mbele ya kamera, sisi tunafulia kimya kimya, tarehe 19, halafu mshahara ukiingia tunajisahau.

Najua kwa sababu yalinikuta.

Kazi yangu ya kwanza niliipata nikiwa na miaka 24, ofisi moja pale Posta. Barua ya ajira ilisema mshahara 700,000. Usiku ule sikulala, nilikuwa napiga hesabu kitandani: chumba changu mwenyewe, kitanda cha tano kwa sita, hela ya kumtumia mama. Laki saba jamani! Mwisho wa mwezi meseji ya benki ikaingia. 483,000.

Nikajua wamekosea. Nikaenda kwa dada wa uhasibu, akanitazama kama mtoto aliyepotea stendi, akanichapia slipu. NSSF asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya mapato, 42,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, 105,000. Jumla 217,000 imeondoka kabla sijaigusa. Siyo kwamba nimeibiwa. NSSF ni hela yangu ya baadaye, kodi ni sheria, na mkopo wa chuo niliukopa mwenyewe. Ila hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunionyesha slipu ya mshahara kabla ya siku ile. Miaka yote ya shule nimekokotoa eneo la trapeza, makato yangu mwenyewe sikuyajua.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuishi kama mtu wa laki saba. Chumba nilishapanga Tabata, 80,000 kwa mwezi, na kama mnavyowajua wenye nyumba wa mji huu, kodi ni miezi sita mkononi. Sita mara 80,000 ni 480,000. Nalipwa 483,000. Yaani mara mbili kwa mwaka mshahara wangu wote unaenda kwa mwenye nyumba, nabaki na elfu tatu. Hiyo ni nauli ya daladala siku mbili.

Mwezi wa kodi wa kwanza kaka yangu aliniokoa. Wa pili nikaona aibu kumrudia. Tangazo likanipitia TikTok: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Nikapakua aplikesheni, nikajaza kitambulisho, ikaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu, nikabonyeza ndiyo bila kufikiri. Mkopo ulioandikwa ni 150,000. Ulioingia ni 105,000, eti nyingine ni ada. Baada ya siku saba nirudishe 150,000 kamili.

Hebu tupige hesabu ambayo sikuipiga siku ile. Nimepokea 105,000, nimelipa 45,000 juu yake kwa wiki moja. Ni karibu asilimia 43, kwa siku saba. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na jina halikukosewa. Kuilipa nikakopa kwenye aplikesheni nyingine. Ya tatu ikalipa ya pili. Nilipofika ya nne sikuwa tena na mshahara, nilikuwa napitisha hela za watu.

Siku niliyochelewa malipo kwa siku mbili tu, meseji zilitoka. Siyo kwangu. Kwa bosi wangu. Kwa fundi wangu wa nguo. Kwa mtu niliyeachana naye mwaka mzima nyuma. "Huyu ni tapeli amekimbia deni, mwambieni alipe." Na kwa mama, Morogoro.

Alinipigia jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unadaiwa shilingi ngapi? Yote, usinifiche."

Nikamwambia laki nne. Akanyamaza, nikawa nasikia redio ya jirani yake.

"Nitakutumia kesho. Nilikuwa nimeiweka ya bati. Ila utairudisha, hata elfu ishirini ishirini. Mvua haiulizi nani kakopa."

Ilichukua miezi ishirini. Masika mbili zilinyesha juu ya bati lile bovu wakati mimi nalipa. Ndiyo maana nikiona mtu anamcheka yule msanii, mimi sicheki.

Sasa ukitafuta msaada mtandaoni, unakutana na wale kaka zetu. Unawajua. Amesimama pembeni ya gari ambalo huwezi kujua ni la nani, anakuuliza kwa nini bado umeajiriwa. Darasa la forex elfu hamsini, nafasi zimebaki tatu. Mimi elimu yangu ni ndogo kwenye hayo mambo, lakini nauliza tu: mtu anayejua mti unaozaa hela, kwa nini ananiuzia mbegu kwa elfu hamsini? Anayeanza hahitaji kuambiwa awekeze wapi. Anahitaji kujua hela yake inaishia wapi.

Mimi nilianza na daftari. Siku 30, kila mia tano niliyotoa niliiandika. Nilitegemea nitakuta bata ndilo linaloniua. Wapi! Kutoka nilitoka mara mbili mwezi mzima. Nilichokuta ni vitu vidogo vya aibu. Nilikuwa natoa elfu tano tano kwa wakala kila siku, na kila nikitoa nakatwa. Nilikuwa nanunua bando la siku, kila siku, kwa sababu la mwezi naona ghali. Sukari ya kupima, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Mtu asiye na hela ananunua kila kitu kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei kubwa kuliko zote.

Halafu michango. Mwezi ule ule nilikuwa na harusi tatu. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, sare ya kitchen party elfu arobaini na tano, na grupu la send-off wanakukumbusha mpaka usiku wa manane kwamba jina lako bado lina sifuri. Ukisema huna, umekuwa adui. Nikaamua kutenga fungu: 30,000 kwa mwezi, ikiisha imeisha. Wa kwanza kuja anapewa, wa mwisho anaombewa heri. Wawili walininunia. Mmoja ameshasahau, mwingine ndoa yenyewe ishavunjika.

Lakini kilichonibadilisha kweli ni kodi. Niliacha kuihesabu kama tukio la mara mbili kwa mwaka, nikaigeuza kuwa ya kila mwezi. Mshahara ukiingia, kabla ya lolote, 80,000 inahama. Mwezi wa sita nimekaa, mwenye nyumba anabisha hodi mwenyewe, nampa 480,000 yake, na siku inayofuata naenda kazini nimekunywa chai. Hisia ile siwezi kuielezea. Nikafanya hivyo hivyo kwa ada ya mdogo wangu na kwa hela ya kwenda nyumbani Desemba.

Na hapa ndipo namrudia msanii wetu. Ukimwangalia vizuri, ugonjwa wake na wangu ni mmoja, umegeuzwa tu. Mimi hela inakuja kila mwezi, bili inakuja kwa mkupuo. Yeye hela inakuja kwa mkupuo, bili inakuja kila siku. Akilipwa milioni tano kwa shoo ya sikukuu, anaziona ni hela za wiki hii. Hajiulizi shoo nyingine lini. Ikiwa ni baada ya miezi mitano, basi yule siyo milionea, ni mtu wa milioni moja kwa mwezi. Na bado ana meneja, ana dansa, ana ukoo mzima uliogundua kuwa ni ndugu siku ngoma ilipoingia redioni. Dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mpiga picha za harusi, mamantilie karibu na chuo kinachofunga, wote wanaishi hivyo. Hela ya msimu lazima ukaikate vipande vya miezi siku ile ile inapoingia, la sivyo itakatwa na wenzio.

Unaiweka wapi? Wazee walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, kwenye kibubu inaoza, taratibu, kwa sababu bei ya mchele haikusubiri. Mchezo wa kijumbe unakupa nidhamu, lakini unatoka na kile kile ulichoweka, na kijumbe akihama mtaa mnabaki kulia. VICOBA ni vizuri kama unawajua wenzako na vitabu vinasomwa mbele ya wote. Mimi ya kodi niko UTT AMIS, ni taasisi ya serikali, mfuko wao wa kwanza, Umoja, ulianza 2005. Unanunua vipande, ukitaka hela unaviuza na unasubiri siku kadhaa za kazi. Wengi huo ucheleweshaji wanaulalamikia. Mimi ndio ninaoupendea. Tamaa ya viatu haidumu siku kadhaa za kazi.

Najua komenti inayokuja: "Wewe unaongea kwa sababu una ajira." Kweli kabisa, sibishi. Mtu anayepata laki na nusu kwa mwezi na ana watoto wawili hakukosa daftari, amekosa kipato. Anayemwambia apunguze soda anamtukana. Ila huyo ndiye anayewindwa zaidi na zile aplikesheni, kwa hiyo angalau hili limfikie: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya aplikesheni zinazokopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza ndiyo, angalia kama wana leseni. Na yoyote inayotaka kusoma namba za watu wako, jua tayari imeshachagua nitakayempigia simu ya kujieleza ni nani. Kwangu alikuwa mama.

Na lawama zote tusimbebeshe kijana wa miaka 24. Mwajiri anaweza kumkalisha mfanyakazi mpya dakika kumi akamsomea makato yake kabla hajasaini. Shule zinaweza kufundisha slipu kwenye somo la hisabati, karatasi moja tu. Na mwenye nyumba, nakuomba: mpangaji analipwa kwa mwezi, kwa nini wewe unalipwa kwa nusu mwaka? Wengi tunaokopa ovyo tunakopa kwa ajili yako.

Jana usiku niliitazama tena ile klipu. Kuna sehemu kijana anamuuliza, "Hela zote zile zilienda wapi, braza?" Msanii anafungua mdomo, anaufunga, anasema, "Sijui. Kweli kabisa, sijui." Watu wamekata kipande hicho wanakifanya kichekesho. Mimi naamini alikuwa anasema ukweli mtupu, kwa sababu hata mimi ningeulizwa miaka ile, jibu lilikuwa hilo hilo.

Namba yake ya simu iko chini ya klipu. Nilimtumia elfu tano. Imetoka kwenye fungu la michango, na nimeiandika.

Wewe je, slipu yako ya kwanza ilikuambia nini? Na mwezi wa kodi unauvukaje? Tupia kwenye komenti, wengine tujifunze. Majina ya watu tusitaje.