Mwalimu na Daftari la Mvua

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hana budi kujiuliza: nitawafundishaje watoto habari za mabadiliko ya tabianchi hata maarifa hayo yawafae wazazi wao? Wengi wetu huanza na moshi wa viwanda vya nchi za mbali, tukaishia hapo hapo.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyo nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Nilikuwa nimekwisha kuchora ubaoni jua na dunia, mtoto mmoja wa Darasa la Sita akauliza: "Mwalimu, basi baba apande mpunga lini?" Sikuwa na jibu. Wala swali lile halikuwa la mzaha. Mbegu ikioza majini au ikikauka kwa jua, si kila nyumba yenye nyingine ya akiba.

Maoni yangu ni kwamba shule ya mahali kama pale ianze kwa kupima, si kwa kuhubiri. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na miti na mapaa, latosha. Kila siku saa 3 asubuhi wanafunzi wapime maji kwa rula, waandike daftarini, kisha wayamwage. Hapo pana somo la hesabu pia: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Je, paa la mita za mraba 50 litavuna lita ngapi kwa mvua ya milimita 20?

Wazee nao waulizwe. Ziwa hili lilipungua sana yapata mwaka 1915, hata Mto Shire, unaotoa maji yake upande wa kusini, ukakoma kutiririka. Likajaa kupita kiasi karibu na mwaka 1980. Kwa hiyo tusimwambie mwanakijiji kwamba kila furiko ni jambo geni. Wataalamu huipima tabianchi kwa wastani wa miaka 30. Misimu miwili haithibitishi kitu.

Hata hivyo, daftari la miaka michache lina faida yake. Litaonyesha kama mvua za kwanza zilidumu, au zilifuatwa na siku nyingi za ukavu. Mzazi akilinganisha hayo na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaosomwa redioni, ataweza kuamua asubiri, au sehemu ya shamba aipande muhogo unaostahimili ukame.

Watakuwako watakaosema kwamba ratiba haina nafasi. Kupima kopo ni kazi ya dakika chache. Na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tusiitenge shule na maisha ya kijiji.

Mtoto wa miaka 10 atakayeandika mstari wa kwanza atakuwa na miaka 40 wastani huo utakapotimia. Basi, ndugu mwanachuo, siku utakapohamishwa, chukua vitabu vyako. Daftari la mvua liache shuleni.