Mchwa Si Sisimizi

Binamu yangu anaishi Omaha, Marekani. Theluji ikiwa imejaa nje, sisimizi wakubwa weusi hutokea jikoni kwake. Wamechimba makao ndani ya mbao za ukuta, na joto la nyumba huwaamsha. Nilipomsimulia kuhusu ukuta wetu hapa Gudele, akanishauri nitafute ungaunga wa mbao sakafuni.

Sikuona unga. Niliona kijia chembamba cha udongo kikipanda ukutani. Mwenye nyumba akasema, "Hao sisimizi tu, wamwagieni mafuta ya taa." Kisha akapiga lipu juu ya kijia, akapandisha kodi. Mvua hazijaisha, mwimo wa mlango ukamegeka mkononi mwa mama kama mkate mkavu.

Wenzangu darasani husema nagombania maneno. Naam, nagombania! Sisimizi seremala hali mbao. Anazitoboa apate pa kulala, na unga anautupa nje. Mchwa anazila, hivyo hakuna cha kutupa. Jamaa yake wa karibu ni mende, wala si sisimizi. Anatembea ndani ya udongo ili asikaukiwe, na anapanda kutoka ardhini. Atafutaye unga hatamwona kamwe. Halafu tunangoja majira gani? Juba haina baridi ya kumtuliza mdudu. Hata Julai jasho linatutoka.

Tena cha kushangaza, mvua za kwanza zikinyesha sote tunakimbilia kwenye taa kuokota kumbikumbi, tunakaanga, tunakula. Kumbikumbi ni nani kama si mchwa mwenye mabawa? Ndugu yake tumemla Aprili, Agosti tunamwita sisimizi.

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, nasi tunajifunza Kiswahili kwa bidii. Lakini tukikariri kamusi bila kutazama kuta zetu, tutafaulu mtihani huku paa linatuangukia. Walimu wetu, nanyi mnaotoa alama kamili kwa "sisimizi" popote panapotajwa mdudu wa ukutani, mnanisikia?

Nimenunua mwimo mpya wa msaji. Muuzaji aliapa kwamba msaji hauliwi. Moyo wake kweli ni mgumu kwa mchwa, ila ubao huu una ukingo mweupe upande mmoja, na huo wanaula. Nimeuchonga wote. Kodi ya mwezi huu nimeishika mpaka mwenye nyumba aje, tubandue lipu yake pamoja.