Jibu la kipimo kwenye simu ya muganga: nani anashika ufunguo?

Mgonjwa wa Mabanga akitumwa kutoka kituo cha afya cha kartie kwenda hospitali kubwa, mara nyingi habari zake zinamtangulia kwa WhatsApp: picha ya fishi, jina lote, avenyu, jibu la laboratwari. Ni haraka, na inaweza kuokoa maisha. Lakini je, siri ya mgonjwa inabaki siri?

Njiani, ndiyo. Tangu Aprili 2016 WhatsApp inafunga kila ujumbe kwa usimbaji. Maana yake, picha inageuzwa kuwa alama zisizosomeka kabla ya kutoka kwenye simu, na simu inayopokea tu ndiyo iko na ufunguo wa kuirudisha. Mwenye kuchungulia katikati haoni kitu.

Shida iko kwenye ncha mbili. Picha ikishafika, iko wazi. Simu ikiibiwa ao ikikamatwa kwenye bariere bila kufungwa na kode, ufunguo umeenda nayo. Na kama picha ilitumwa kwenye grupu la watu hamsini, funguo ni hamsini.

Juu ya nini jambo hili ni zito kwetu? Mtu akiogopa, anaficha jina. Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa Goma alifika kwa basi kutoka Butembo. Wizara ya Afya ilieleza kwamba kwenye vizuizi vya afya vya njiani alitoa majina tofauti tofauti. Ugonjwa ukifichwa, kartie nzima inalipa. Ni vile vile kwa mpox, kwa kipimo cha sida, na kwa mama aliyebakwa ambaye anaogopa kuandikwa.

Hata wakubwa wanavunjiwa. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao waliingia kwenye seva zenye data za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao juu ya vita.

Sheria ziko. Ile ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya wanaoishi na virusi vya sida, na Kode ya dijitali ya 13 Machi 2023 inagusa data za kila raia. Lakini tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, na Kinshasa iko mbali. Raia akitaka kulalamika, atapiga hodi wapi? Kwa hiyo ulinzi uanzie kituoni.

Kwanza, jina na ugonjwa visisafiri pamoja: kwenye picha namba, na jina kwenye daftari iliyofungiwa kabatini. Hii haiombi pesa nyingi. Pili, picha iende kwa muganga mmoja anayempokea mgonjwa, si kwa grupu. Tatu, simu ya kazi iwe na kode, na picha ifutwe ikishafanya kazi yake. Tena, nakala ambazo WhatsApp inahifadhi mtandaoni hazisimbwi mpaka mwenye simu achague hivyo.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kabla fishi yake haijapigwa picha: inaenda kwa nani, na itafutwa lini?